Pombe ya Mkubwa na Upole wa Sheria

Aendaye usiku wa manane, siku za mwisho wa juma, katika barabara zile za pwani ziletazo watu mjini kutoka kwenye kumbi za starehe ambako ngoma hazinyamazi mpaka adhana ya alfajiri, ataona jambo ambalo mimi nimeliona mara nyingi hata likakoma kunistaajabisha. Askari aliye kizuizini husimamisha matatu, huwaamuru waendesha bodaboda washuke wakae kando ya njia, humulika nyuso za vijana walio ndani ya vigari vya mitumba. Kisha likitokea gari kubwa la vioo vyeusi, lenye namba za serikali ama za kaunti, hata likiwa layumba na kuvuka mstari wa katikati mara mbili tatu, tochi huinamishwa, mkono hupelekwa kwenye kofia, na gari hupita salama salimini. Na ikiwa askari ni mgeni wa kazi, asiyezijua bado desturi za mahali, akathubutu kulisimamisha, kioo hushushwa nusu, na sauti nzito hutoka ndani pamoja na harufu ya pombe ikiuliza swali ambalo halimo katika sheria yoyote, lakini lina nguvu kuliko vifungu vingi vilivyomo: "Unajua mimi ni nani?"

Swali hilo si letu peke yetu. Mwezi wa Oktoba mwaka 2010, ndani ya Chuo Kikuu cha Hebei, katika mji wa Baoding nchini Uchina, kijana mmoja aliyekuwa amelewa aliwagonga kwa gari wanafunzi wawili, mmoja akafariki, naye alipozuiwa asitoroke alijibu kwamba baba yake ni Li Gang. Huyo Li Gang alikuwa naibu mkuu wa polisi katika wilaya moja ya mji ule. Jawabu la kijana lilienea nchi nzima, watu wakalitia katika mashairi ya mzaha na mabango ya dhihaka, hata likawa jina la kila ujeuri wa wakubwa na watoto wao. Na alipohukumiwa kifungo cha miaka 6, mwezi wa Januari 2011, walikuwako wengi walioona kwamba jina la baba bado limemfaa mwana. Tangu tarehe 1 Mei ya mwaka huo huo, kuendesha gari hali umelewa kukawa jinai nchini humo, hata pasipo mtu kuumia.

Nitasema muradi wangu mapema, ili msomaji asije akanitafuta katikati ya maneno. Naona kwamba mwenye wadhifa wa umma, akishikwa akiendesha gari hali amelewa, hapaswi kuhukumiwa sawa na raia wa kawaida, bali kwa uzito zaidi. Kwamba hukumu yake isomwe hadharani, si kumalizwa pembeni. Na kwamba kitu cha kwanza kuguswa na adhabu kiwe ni kile cheo chenyewe, kabla ya mfuko wake. Najua kauli hii itawachukiza wanasheria, ambao wamefundishwa kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria. Nami nakubali kwamba ni sawa. Lakini usawa huo, katika jambo hili, umekwisha kuvunjwa kizuizini, saa tisa ya usiku, kabla faili halijafunguliwa.

Faini isiyouma

Tazama sheria yetu ya Kenya ilivyo. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki chasema kwamba mtu aendeshaye gari barabarani akiwa ametawaliwa na kileo kiasi cha kushindwa kulimudi gari lake ana hatia, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au yote mawili. Katika maandishi, adhabu hiyo haina upendeleo. Lakini mweke mbele ya hakimu mmoja kijana wa bodaboda na mbunge mmoja, wote wawili wakiri kosa, wote wawili watozwe laki moja. Kijana atauza pikipiki ambayo yamkini bado hajamaliza kulipa mkopo wake, na baada ya kuiuza hatakuwa na kazi. Mkewe ataanza kukopa unga dukani, na mwenye nyumba atabisha hodi kabla ya mwisho wa mwezi. Mbunge, ambaye mshahara wake kwa mwezi umepita laki saba kabla ya kuhesabu marupurupu, atalipa kwa simu akiwa bado kizimbani, na adhuhuri atakuwa mezani akila. Je, hawa wawili wamepewa adhabu moja?

Wafini walilitambua hilo zamani. Tangu mwaka 1921 faini zao kwa makosa kama haya huhesabiwa kwa kipato cha mkosaji cha siku, hata ikatokea mwaka 2002 kwamba mkurugenzi mmoja wa kampuni ya Nokia akatozwa zaidi ya euro 100,000 kwa kuendesha pikipiki kilomita 75 kwa saa mahali palipotakiwa 50. Kweli, baadaye faini ile ilipunguzwa sana alipoonyesha kwamba kipato chake kilikuwa kimeshuka, lakini msingi haukuguswa. Sisi bado twatoza watu wote kwa kadiri moja, kisha twajisifu kwa insafu.

Ama kuhusu upimaji wenyewe wa kileo, wasomaji watakumbuka kile kifaa tulichokiita alcoblow, kilichoingia barabarani mwezi wa Desemba 2013 kikawatia hofu walevi wa mji na wa mashamba, wakubwa kwa wadogo, kwa kuwa hakikuwa na macho ya kusoma namba za gari. Mwezi wa Januari 2017 Mahakama ya Rufani ikazibatilisha kanuni zake, kwa hoja kwamba kanuni zilifanya kosa kuwa ni kupita kiwango fulani cha kileo, ilhali sheria mama yataka ithibitike kwamba dereva alishindwa kulimudi gari. Siilaumu mahakama ile. Kanuni haiwezi kuizidi sheria iliyoizaa, na kazi ya kuirekebisha sheria ilikuwa ya Bunge. Lakini fikiri ni nani aliyenufaika na tofauti hiyo. Mchuuzi wa mboga hatamlipa wakili wa kusimama mahakamani kutwa nzima akijadili kama mteja wake alilewa hata kushindwa, ama alilewa tu. Anayeweza kumlipa wakili huyo twamjua.

Daraja la Fukuoka

Nchi moja imelipitia jambo hili hatua kwa hatua, nayo ni Japani. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2006, jamaa moja ya watu watano, baba, mama na watoto watatu, walikuwa wakirejea nyumbani kutoka matembezini, wakipita kwenye daraja la Umi-no-Nakamichi katika mji wa Fukuoka, gari lao lilipogongwa kwa nyuma kwa kishindo, likavunja ukingo na kuanguka katika ghuba ya Hakata. Baba na mama waliokolewa, mama akiwa amezama na kuibuka tena na tena gizani akiwatafuta wanawe. Watoto wote watatu, mkubwa wa miaka minne na mdogo wa mwaka mmoja, walikufa maji.

Aliyewagonga alikuwa kijana wa miaka 22, mtumishi wa manispaa ya mji ule ule wa Fukuoka, aliyekuwa ametoka kunywa. Naye hakusimama kuwasaidia. Alikwenda mbele kidogo mpaka gari lake bovu likakataa, kisha akamwomba rafiki amletee maji, akayanywa kwa wingi ili kileo kififie kabla ya kupimwa. Kesi ilipofika mahakama ya wilaya, mwezi wa Januari 2008, mahakimu walisema kwamba haikuthibitika kuwa alikuwa amelewa kiasi cha kushindwa kuendesha kama kawaida, kwa hiyo wakamtia hatiani kwa uzembe na kutoroka, akapewa miaka saba na nusu. Msomaji ameona kwamba hoja ni ile ile ya kifungu chetu cha 44: si kunywa, bali kushindwa.

Nchi nzima iliwaka kwa ghadhabu. Watu waliuliza kama uhai wa watoto watatu una bei ya miaka saba na nusu, tena kwa mkosaji aliyekuwa mtumishi wa umma, aliyelipwa kwa kodi ya wazazi wa watoto wale. Waendesha mashtaka wakakata rufaa. Mwezi wa Mei 2009 Mahakama Kuu ya Fukuoka ikaona kwamba kijana yule alikuwa amelewa hata kutoona gari lililo mbele yake, ikamhukumu miaka 20, na mwezi wa Oktoba 2011 Mahakama ya Upeo ya Japani ikaithibitisha hukumu hiyo.

Hayo ndiyo yajulikanayo na wengi. Mimi hunivutia zaidi yale yaliyofanywa pembeni ya kesi. Mwaka 2007 Bunge la Japani liliongeza adhabu kwa aliyempa dereva pombe, kwa aliyempa gari, na hata kwa abiria aliyeomba kupandishwa huku akijua kwamba dereva amelewa. Na katika sheria iliyoanza kutumika mwezi wa Mei 2014, hila ile ya maji na ya kutoroka ili ulevi ushuke ikafanywa kosa lake peke yake, lenye kifungo cha mpaka miaka 12 kwa aliyeua au kujeruhi. Ingekuwa kwetu, sheria hiyo ingewagusa wangapi? Maana mkubwa wetu hana haja hata ya maji. Yeye hupiga simu, kisha hukaa ndani ya gari milango imefungwa akimngoja mtu wa kuja kumtoa, na saa mbili au tatu zikapita, na kipimo kikiletwa hakikuti kitu cha kupima. Asubuhi yake twaambiwa kwamba mheshimiwa alikuwa amechoka kwa kazi nyingi za wananchi.

Liwali wa Kufa

Wako wasemao kwamba kumtaka mkubwa aadhibiwe hadharani ni mambo ya kizungu, na kwamba sisi tuna staha yetu ya kuwafunika wakubwa aibu zao. Huko ni kusahau. Waislamu wa pwani hii wamekisikia katika darsa za misikitini kisa cha al-Walid bin Uqba, liwali wa mji wa Kufa katika zama za Khalifa Uthman, naye alikuwa ndugu wa Khalifa kwa mama. Alfajiri moja aliwaswalisha watu akiwa amelewa, na baada ya kumaliza akawageukia akawauliza kama wataka awaongezee rakaa. Basi watu wa Kufa hawakunyamaza kwa kuwa ni liwali, wala kwa kuwa ni ndugu wa Khalifa. Walipeleka mashtaka Madina.

Wakasimama mashahidi wawili, mmoja akashuhudia kwamba alimwona akinywa, wa pili kwamba alimwona akitapika. Na Uthman akasema kuwa hangalitapika pombe lau hakuinywa. Kwa hukumu hiyo fupi akaifunga hoja ambayo mawakili wetu wangaliivuta miezi sita. Kisha akataka adhabu itekelezwe. Ali bin Abi Talib alipomwambia mwanawe Hasan asimame ampige, Hasan alijibu kwamba waliofaidi ubaridi wa utawala ndio wabebe na joto lake. Basi akaitwa Abdullah bin Ja'far, akapiga, na Ali akawa akihesabu kwa sauti mpaka mijeledi ikatimu arubaini. Na katika uliwali akaondolewa.

Sisemi turudishe mijeledi. Nasema mambo matatu yalikuwamo mle ambayo leo hayamo kwetu: raia walisadikiwa juu ya mkubwa, undugu wa mkosaji na mtawala haukumkinga, na cheo kilikwenda pamoja na hadhi aliyoipoteza. Wazee wetu walisema mchelea mwana kulia hulia yeye; Uthman hakumchelea ndugu. Sisi twachelea hata wasio ndugu zetu, kwa kuwa tu twatumaini siku moja watatupa kazi ama zabuni.

Nani hulipa matanga

Niwarejeshe sasa kwenye nyumba za watu, maana huko ndiko upole huu hufikia mwisho wake. Katika miaka hii ya karibuni, barabara za Kenya zimekuwa zikiua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na kundi kubwa kuliko yote katika hao si wenye magari, bali ni waendao kwa miguu, wakifuatwa na waendesha pikipiki na abiria wao. Ndio wale watokao nyumbani kabla ya jua: mama muuza mahamri awahiye kukaanga, mlinzi aendaye lindoni, kuli aendaye bandarini, kijana wa chuo asiye na nauli. Saa zao za kuanza kazi ndizo saa za wakubwa kutoka vilabuni, na wote wawili hukutana kwenye barabara moja isiyo na njia ya miguu.

Chukua nyumba moja yoyote ambayo baba amegongwa akavunjika nyonga. Hospitali yataka fedha kabla ya kutia chuma. Jamaa wafungua kundi la michango katika simu. Mke aacha biashara yake ya viazi karai akae kitandani kwa mgonjwa, na kila siku asiyopika ni siku ya njaa nyumbani. Binti wa kidato cha tatu arudishwa kwa karo, akaambiwa atarudi muhula ujao, naye yeye na mamake wote wajua kwamba hatarudi. Baada ya mwaka baba anatembea kwa gongo, na kazi imekwenda kwa mwingine. Hapo ndipo jirani mwenye huruma amshauripo akashtaki apate fidia.

Hapa pana jambo ambalo raia wengi hawalijui mpaka liwapate. Ikiwa gari lililomgonga ni la serikali, kwanza atakabiliwa na hoja kwamba afisa hakuwa kazini usiku ule bali katika starehe zake, hivyo serikali haihusiki. Na afisa mwenyewe, akiandamwa peke yake, mali yake utaikuta imeandikwa kwa majina ya mke na shemeji. Na tuseme amebahatika, mahakama ikaamua kwamba serikali ilipe. Kwa mujibu wa kifungu cha 21 cha sheria iongozayo mashauri baina ya raia na serikali, mali ya serikali haiwezi kukamatwa ili kulipa deni la hukumu. Dalali wa mahakama, ambaye kwa deni dogo huja na lori kubeba kochi na televisheni ya maskini, hana ruhusa kugusa hata kiti kimoja cha wizara. Mshindi wa kesi hupewa hati ya kuonyesha kwamba anadai, akaipeleka kwa katibu wa wizara, akaambiwa angoje bajeti, akangoja, na akichoka kungoja arudi tena mahakamani kuomba katibu yule alazimishwe.

Na siku fedha zikitoka, zatoka wapi? Zatoka katika hazina, yaani katika ushuru wa mafuta ya taa na wa muda wa maongezi alioulipa yule yule aliyevunjwa nyonga. Mlevi hakutoa senti. Kisha twaulizwa kwa nini watu wamekasirika! Methali isemayo mnyonge hana haki ilitungwa na wanyonge wenyewe kwa uchungu. Imegeuka kuwa utaratibu wa ofisi.

Ibara iliyolala

Dawa haihitaji kutafutwa mbali. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika ibara ya 73, yasema kwamba mamlaka apewayo ofisa wa dola ni amana ya umma. Ibara ya 75 yaenda mbele zaidi, yamtaka ofisa huyo awe na mwenendo usioishusha hadhi ya ofisi yake, si katika kazi za umma tu, bali hata katika maisha yake ya faragha na anapochanganyika na watu wengine. Waandishi wa ibara ile hawakuwa watoto. Walijua kwamba wakubwa wetu hupenda kujificha nyuma ya neno faragha. Anayeivunja hupelekwa kwenye nidhamu ya ofisi yake, na huweza kuachishwa. Na akiachishwa kwa njia hiyo hawezi kushika tena ofisi nyingine ya dola. Basi kwa nini mtu ahukumiwe kwa ulevi barabarani asubuhi, na adhuhuri awe amekalia kiti kile kile?

Kwa sababu mahakama ya trafiki na ofisi ya mwajiri hazisemezani. Karani hupokea faini, hutoa stakabadhi, na faili hufungwa. Ningependa iwe lazima kwa karani huyo kupeleka nakala ya kila hukumu ya namna hii, katika muda wa siku chache, kwa mwajiri wa mkosaji na kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, na jina lisomwe katika orodha iliyo wazi kwa kila raia. Kadhalika kila gari la serikali lisimamishwalo usiku liandikwe katika daftari la kizuizi, na ruhusa ya kuwa barabarani saa hizo ionyeshwe kwa maandishi. Haya hayahitaji mitambo wala mikopo ya nje.

Nitajibiwa kwamba maofisa nao ni binadamu, wana watoto wa kulisha, na kwamba kumnyang'anya mtu riziki yake kwa chupa mbili za bia ni kuzidisha. Hoja hii si ya kupuuzwa. Japani yenyewe, baada ya msiba wa Fukuoka, serikali nyingi za mitaa ziliweka kanuni ya kumfukuza kazi mtumishi yeyote aliyeendesha akiwa amelewa, na mahakama zikalazimika baadaye kuwarudisha baadhi yao, zikisema adhabu imepita kosa, kwa kuwa mtu hakuumiza yeyote na alikuwa amekunywa kidogo tu siku yake ya mapumziko. Nami ningekuwa hakimu huenda ningesema vivyo hivyo. Karani wa kaunti aliyekutwa Jumapili jioni katika gari lake mwenyewe, hakugonga mtu, akasimama aliposimamishwa, akakubali kupimwa na hakumpigia simu mtu yeyote, huyo atozwe, asimamishwe kazi kwa muda, anyimwe leseni, kisha arudi. Bali yule aliyekutwa ndani ya gari la umma, kwa mafuta ya umma, aliyemtisha askari kwa cheo chake, ama akajifungia ngoja ngoja mpaka ulevi ushuke, yeye sioni ni kwa hoja gani atarudishiwa funguo, wala ofisi aliyokuwa nayo, wala ofisi nyingine yoyote ya dola, kama fungu la tatu la ibara ile ile ya 75 lilivyokwisha kuagiza.